Ramani Iliyobadilishwa Jina Usiku: Historia ya Faili Dogo Linalowasumbua Wenye Tovuti

Kabla ya Machi 2012, mtu aliyeandika anwani ya Mwandoya alimalizia na "Mkoa wa Shinyanga". Baada ya hapo akatakiwa kumalizia na "Mkoa wa Simiyu". Mwandoya yenyewe haikuhama hata hatua moja. Nyumba palepale, barabara ya kwenda Mwanhuzi palepale, watu walewale. Kilichobadilika ni jina la mkoa uliokuwa juu yake. Mwezi ule Serikali ilianzisha mikoa minne mipya kwa pamoja, yaani Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na kuanzia hapo kila orodha iliyotaja mikoa ya Tanzania ikawa imepitwa na wakati, hata kama haikuwa na kosa siku ilipoandikwa.

Kwenye tovuti jambo la namna hiyo hutokea mara kwa mara, na mara nyingi hakuna tangazo la Serikali wala gazeti. Unalala, programu inayoendesha tovuti yako inajisasisha yenyewe, asubuhi faili lililokuwa linaitwa sitemap.xml sasa linaitwa wp-sitemap.xml au sitemap_index.xml. Kurasa zako ni zilezile. Lakini roboti wa Google anarudi mlango wa zamani, anabisha, hakuna mtu.

Leo nataka tufuatilie historia ya faili hilo, maana ukijua lilitoka wapi utaelewa kwa nini jina lake halijawahi kutulia, na kwa nini sisi wa tovuti ndogo za Kiswahili tunaumia kuliko wenzetu.

Faili lenyewe ni nini?

Ramani ya tovuti ni orodha tu. Ni faili la maandishi, limepangwa kwa mtindo wa XML, linaloziambia injini za kutafuta: hizi hapa kurasa zangu zote. Kila ukurasa una mstari wenye anwani yake, na ukipenda unaongeza tarehe ulipobadilishwa mara ya mwisho. Mtindo huo pia unaruhusu kuandika ukurasa hubadilika kila baada ya muda gani, na una umuhimu kiasi gani, ila Google wameshasema hayo mawili hawayasomi. Tarehe wanaisoma, wakiona ni ya kweli.

Msomaji wa kawaida hulioni faili hili. Halina picha, halina rangi. Linasomwa na roboti, yaani programu zinazozunguka kwenye intaneti zikikusanya kurasa ili wewe ukitafuta "bei ya pamba" upate majibu. Ndiyo maana likipotea hakuna anayegundua mapema. Ukurasa wa mbele unafunguka vizuri, wateja wanaingia, kila kitu kinaonekana kizima.

Kabla ya ramani: majaribio ya 1993 na 1994

Wengi wanadhani wazo hili ni la Google. Si kweli. Mwishoni mwa 1993, mhandisi Martijn Koster, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya Nexor huko Uingereza, alitangaza mtambo wa kutafuta ulioitwa ALIWEB. Wakati huo Google haikuwepo kabisa, ilikuja 1998. ALIWEB haikutuma roboti kuzunguka kila mahali. Ilimwomba mwenye tovuti aandike mwenyewe faili la kueleza alichonacho, kwa kawaida likiitwa site.idx, kisha aisajili anwani ya faili hilo. ALIWEB ilikuwa inapita kuyachukua mafaili hayo na kuyaunganisha.

Unaona? Hiyo ni ramani ya tovuti kasoro jina. Haikufika mbali, na sababu yake ni ya kibinadamu: watu wachache walikuwa tayari kukaa chini na kuandika orodha kwa mkono kila wanapoongeza ukurasa. Roboti waliozunguka wenyewe wakashinda, kwa sababu hawakumwomba mtu afanye kazi yoyote.

Lakini roboti hao nao walileta shida yao. Seva za wakati ule zilikuwa dhaifu, na roboti aliyeandikwa vibaya aliweza kuiomba seva kurasa nyingi kwa mpigo mpaka ikaelemewa. Mwaka 1994 Koster huyohuyo akapendekeza kanuni nyepesi: kila tovuti iweke faili moja mlangoni, liitwe robots.txt, liseme wapi roboti aingie na wapi asiingie.

Hapa kuna jambo nataka ulishike, kwa sababu habari yote iliyobaki inategemea hapo. Koster alifunga vitu viwili: jina na mahali. Ni robots.txt, kwa herufi ndogo, na linakaa kwenye mzizi wa tovuti, si kwenye kabati lingine. Hakumwachia mtu nafasi ya kuchagua. Zaidi ya miaka 28 baadaye, Septemba 2022, kanuni hiyo ikaandikwa rasmi kama RFC 9309, na jina halikuguswa. Roboti aliyeandikwa 1994 na aliyeandikwa mwaka huu wote wanajua waanzie wapi.

2005: Google waja na ramani, jina laachwa wazi

Juni 2005 Google walitangaza mpango wao wa Sitemaps. Tatizo walilotaka kulitatua lilikuwa la kweli. Roboti hufuata viungo: anatoka ukurasa huu kwenda ule. Ukurasa ambao hakuna aliyeuwekea kiungo, au unaopatikana tu baada ya mtu kujaza fomu, roboti hawezi kuujua. Kwa hiyo wakarudi kwenye wazo la kale la kumwomba mwenye tovuti alete orodha. Tofauti ni kwamba sasa orodha iliweza kuandikwa na programu yenyewe, si mtu.

Novemba 2006 Yahoo na Microsoft wakaungana nao, toleo la 0.90 likawa la wote. Washindani watatu wakubwa kukubaliana juu ya faili moja si jambo dogo. Walikubaliana muundo wa ndani, walikubaliana faili moja lisizidi anwani 50,000, na kwamba ukizidisha unatengeneza mafaili mengi na faili la juu la kuyaorodhesha. Kitu ambacho hawakukifunga ni jina. Unaweza kuliita sitemap.xml, unaweza kuliita ramani.xml, unaweza hata kuliita mwandoya.xml. Yote ni halali.

Sasa roboti atajuaje? Mwanzoni ilibidi umwambie kila mmoja kwa mdomo: unaingia kwenye akaunti yako ya Google unaandika jina la faili, unaenda Yahoo unaandika tena, unaenda Microsoft unaandika tena. Aprili 2007 wakaongeza suluhisho zuri: andika mstari mmoja ndani ya robots.txt unaoanza na neno Sitemap, kisha anwani kamili ya ramani. Roboti yeyote akipita mlangoni anausoma.

Fikiria ilivyofanyika kwenye Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022. Mtaa unaweza kupewa jina lolote, lakini kunawekwa nguzo yenye kibao ambapo kila mpita njia atakiona. Robots.txt ndiyo nguzo, na ramani ndiyo mtaa. Mtaa ukibadilishwa jina, badilisha maandishi ya kibao, mambo yanaendelea. Kwa nadharia, tatizo lilikwisha 2007.

Kwa vitendo halikwisha, kwa sababu watu wengi hawakuweka kibao. Waliendelea kumwambia Google kwa mdomo na kusahau.

Kila fundi na jina lake

Mwaka huohuo wa 2005, Arne Brachhold alitoa plagini ya WordPress ya kutengeneza ramani hizi, na ikaenea sana. Plagini, kwa asiyejua, ni programu ndogo unayoichomeka kwenye programu kubwa ili iongeze kazi fulani. Matoleo yake ya mwanzo yaliandika faili halisi kwenye diski ya seva, jina lake sitemap.xml. Toleo la 4, mwaka 2014, likabadilisha utaratibu: faili halikuandikwa tena kwenye diski, ramani ikawa inatengenezwa papo hapo roboti anapoiomba, na sehemu zake zikapewa majina yenye mwaka na mwezi.

Plagini nyingine zikaja na majina yao. Yoast SEO ikachagua sitemap_index.xml. Rank Math nayo ikatumia jina hilohilo. Jetpack ikabaki na sitemap.xml. Kila fundi alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyevunja kanuni, maana kanuni haikusema kitu. Lakini mwenye tovuti aliyehama kutoka plagini moja kwenda nyingine alijikuta amebadilisha jina la ramani yake bila kukusudia. Alichotaka yeye ni plagini nzuri zaidi.

Na hapa kuna mtego mbaya kuliko kosa la 404. Kama faili halisi la zamani lilibaki kwenye diski, seva nyingi hulitoa hilo kwanza kabla ya kuuliza WordPress. Roboti anakuja, anaomba sitemap.xml, anapewa ramani ya miaka mitano iliyopita, safi kabisa, haina kosa lolote. Haijui tu kwamba umeandika makala mia mbili tangu siku ile. Kosa la 404 angalau linapiga kelele. Ramani ya kale inanyamaza.

Agosti 2020: WordPress yenyewe yaingia

Tarehe 11 Agosti 2020 likatoka toleo la 5.5 la WordPress. Wakati huo programu hiyo ilikuwa inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani. Kwa mara ya kwanza ramani ya tovuti ikaja ndani ya programu yenyewe, bila plagini. Jina walilochagua ni wp-sitemap.xml.

Kwa nini wakaongeza herufi mbili mbele? Ili wasigongane na plagini ambazo tayari zilikuwa na sitemap.xml. Uamuzi wa busara ukiutazama peke yake. Waliweka pia njia ya kumhamisha anayeomba sitemap.xml kwenda jina jipya kama hakuna kitu kingine hapo, na wakaandika mstari wa kibao kwenye robots.txt inayotengenezwa na WordPress yenyewe. Kwa hiyo siwezi kusema hawakufikiria.

Shida ikawa kwenye mazingira halisi. Mwenye tovuti aliyewahi kuandika robots.txt kwa mkono na kuiweka kwenye seva, ile ya WordPress haionekani tena, na mstari wake mpya haumfikii roboti. Ambaye plagini yake ilizima ramani ya WordPress akabaki sawa mpaka siku alipoiondoa plagini, sitemap_index.xml ikafa na wp-sitemap.xml ikafufuka bila yeye kuambiwa. Wengine walishtuka kuona ramani mpya ina faili la watumiaji, wp-sitemap-users-1.xml, linaloorodhesha kurasa za waandishi, kitu ambacho hawakuomba kitangazwe. Tarehe ya mabadiliko ya ukurasa, ile ambayo Google wanaisoma, haikuwemo kwenye ramani hiyo mpaka toleo la 6.5 la mwaka 2024.

Na kulikuwa na jambo la pili kwenye toleo hilohilo la 5.5: kitufe cha kuruhusu plagini zijisasishe zenyewe. Kwa usalama ni kitu kizuri mno, mimi mwenyewe ningekushauri ukiwashe. Lakini ukichanganya mambo hayo mawili unapata hali niliyoieleza mwanzoni: jina linaweza kubadilika usiku, na hakuna mtu aliyebonyeza chochote.

Baadaye mlango mmoja zaidi ukafungwa. Zamani plagini iliweza kumgongea Google kila unapochapisha, kumwambia "njoo usome ramani yangu iko hapa". Bing walisitisha huduma ya namna hiyo 2022. Google walitangaza Juni 2023 kwamba nao wanaiondoa, na ikazimwa baada ya miezi sita. Sababu waliyotoa ni kwamba maombi mengi yaliyokuja kwa njia hiyo yalikuwa takataka tu. Ni kweli inawezekana. Lakini matokeo yake ni kwamba sasa zimebaki njia mbili kubwa: kibao kwenye robots.txt, au kuandika jina mwenyewe kwenye Search Console.

Kwa nini inauma zaidi huku kwetu

Ngoja tuwe wakweli kisayansi. Ramani ikifa, kurasa zako zilizokwisha kuorodheshwa hazifutwi siku hiyo. Google wenyewe wanasema tovuti ndogo, ya kurasa kama 500 kushuka chini, yenye viungo vizuri ndani yake, haihitaji sana ramani. Kwa hiyo ukikuta ujumbe kwamba ramani haikupatikana, usikeshe na presha.

Lakini ushauri huo una sharti ndani yake, na sharti hilo ndilo linalotubana. Roboti anafuata viungo. Tovuti ya gazeti kubwa la London ina maelfu ya tovuti nyingine zinazoielekezea, hata ikipoteza ramani roboti atafika tu. Tovuti ya Kiswahili ya mtu aliyeko Bariadi, anayeandika kuhusu magonjwa ya mifugo au kilimo cha pamba, inaelekezewa na nani? Wasomaji wake wanatumiana kiungo kwa WhatsApp, na roboti haingii kwenye makundi ya WhatsApp. Google hao hao wanasema tovuti mpya yenye viungo vichache kutoka nje ni miongoni mwa zinazohitaji ramani. Yaani asiyejulikana ndiye anayeitegemea zaidi, na ndiye asiye na fundi wa kumwambia jina limebadilika.

Nimeliona hili upande wa pili pia, kama msomaji. Mwaka jana nilikuwa natafuta ripoti ya zao la pamba ambayo mwanafunzi aliyenitangulia aliinukuu kwenye tasnifu yake. Kiungo alichoandika kilikuwa cha ofisi moja ya umma. Nikafungua, 404. Nikatafuta kwenye Google, haikutokea. Baada ya siku tatu nikaipata, tena kwenye tovuti ya ofisi ileile, chini ya anwani nyingine kabisa baada ya mfumo wao kubadilishwa. Ripoti haikupotea hata siku moja. Ilikosa tu mtu wa kusema imehamia wapi. Na tasnifu ile ikisomwa na mtu asiye na siku tatu, ataamua kwamba chanzo hakipo.

Wala si programu pekee zinazofanya hivi. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri zetu zilizinduliwa kwa pamoja, na majina yao yakabeba hadhi ya halmashauri ndani yake: meatudc.go.tz, ambapo "dc" ni halmashauri ya wilaya. Halmashauri ikipanda hadhi, jina nalo linabadilika. Kahama ilipotoka halmashauri ya mji kuwa manispaa mwaka 2021, kahamatc ikawa kahamamc. Furaha kwa wana Kahama, lakini kila kiungo kilichoandikwa kabla ya hapo kikahitaji mtu wa kukielekeza upya.

Tim Berners-Lee, aliyevumbua mtandao huu wa kurasa, aliandika mwaka 1998 akiwasihi wenye tovuti wasibadilishe anwani, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba usiweke ndani ya jina kitu ambacho kitabadilika kesho: hadhi, jina la programu, idara. Ukiangalia herufi "wp" kwenye wp-sitemap.xml na "tc" kwenye kahamatc, utaona ni kosa moja lenye sura mbili. Jina limebeba habari ya aliyelitengeneza badala ya habari ya kilichomo.

Sasa ufanye nini

Mambo manne, na hayahitaji fundi.

Kwanza, fungua kivinjari uandike anwani ya tovuti yako ikifuatiwa na /robots.txt. Tafuta mstari unaoanza na Sitemap. Kama haupo, uweke. Kama upo, nakili anwani iliyoandikwa uifungue. Ikifunguka, angalia kama makala yako ya wiki hii imo, ama ndani yake, ama ndani ya mafaili madogo inayoyaorodhesha. Kufunguka peke yake hakutoshi, kumbuka ile ramani ya kale inayonyamaza.

Pili, jaribu majina yote matatu: sitemap.xml, sitemap_index.xml na wp-sitemap.xml. Kama mawili yanafunguka na yana orodha tofauti, una ramani mbili zinazobishana. Zima moja. Na kama hakuna hata moja linalofunguka, kagua kwenye mipangilio ya usomaji ya WordPress kama ile alama ya kuzuia injini za kutafuta imewekwa. Ikiwekwa, ramani ya WordPress haitoki.

Tatu, jina la zamani lisiachwe life. Lielekeze kwenda jina jipya kwa msimbo wa 301, unaomwambia roboti "tumehama moja kwa moja, njoo huku". Plagini nyingi za kuelekeza upya zinafanya hivyo kwa mistari miwili tu. Ukielekeza, aliyeandika jina la zamani miaka sita iliyopita bado atafika.

Nne, kila baada ya sasisho kubwa, rudia la kwanza. Dakika mbili.

Na kama wewe ndiye unayeandika programu, kuna ombi moja kutoka kwa sisi watumiaji. Jina la faili linaloonekana na dunia si mali yako peke yako. Likishatoka nje, limeandikwa kwenye robots.txt za watu usiowajua, kwenye akaunti zao, kwenye tasnifu za wanafunzi. Una haki ya kulibadilisha, ila liache lile la zamani likijibu.